Picha ya Turkana inapokatwa, nani hubaki nje?

Kila ukame unapokaza kaskazini mwa Kenya, simu zetu hapa Pwani hujaa picha za Turkana. Siku hizi nyingi zimepigwa kutoka juu, kwa droni: ardhi iliyopasuka, manyata machache, msururu wa mitungi ya manjano kando ya kisima. Tunaziangalia, tunasikitika, tunatoa mchango au tunamtumia mwengine, basi. Ni mara chache tunapojiuliza picha ile ilikuwa pana kiasi gani kabla haijafika mkononi mwetu, na ni nani aliyeamua kingo zake ziishie pale.

Swali hili huachiwa mafundi wa kamera. Lakini jibu lake ndilo linaloamua tunajua nini kuhusu ndugu zetu wa Turkana, na wao wanajua nini kuhusu sisi.

Chukua Lokitaung. Ni mji mdogo wa kaskazini mwa Turkana, magharibi ya ziwa, karibu na mipaka ya Ethiopia na Sudan Kusini. Wazee wetu wanaujua kwa jambo moja: huko ndiko serikali ya kikoloni ilikomfunga Jomo Kenyatta na wenzake baada ya hukumu ya Kapenguria ya mwaka 1953, hadi Kenyatta alipohamishiwa Lodwar mwaka 1959. Palichaguliwa kwa sababu ni mbali na macho ya watu. Leo barabara zimesogea na mtandao umefika sehemu nyingi, lakini mtu wa Mombasa au Malindi bado anaiona Lokitaung kupitia jicho la mtu mwengine, na jicho hilo mara nyingi liko angani.

Sasa tuangalie jinsi picha inavyokatwa. Kamera za droni nyingi ndogo hupiga picha ya uwiano wa 4:3, yaani upana wa sehemu nne kwa kimo cha sehemu tatu. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4,000 kwa 3,000. Hiyo ndiyo picha nzima. Kutoka hapo hupunguzwa kulingana na inakokwenda. Televisheni inataka 16:9, na robo ya picha inaondoka, juu na chini. Ukitaka ya mraba, robo inaondoka pia, lakini kutoka kushoto na kulia. Na ukiitaka isimame wima ijaze kioo cha simu, yaani 9:16 ya video fupi na ya status ya WhatsApp, zaidi ya nusu inatupwa. Kinachobaki ni asilimia 42 tu.

Hesabu hiyo ina maana kubwa ardhini. Droni yenye lenzi pana ya kawaida, ikiwa mita 100 juu na kamera ikitazama chini moja kwa moja, inaona eneo la takriban mita 144 kwa 108. Ukilikata kwa 9:16, upana unabaki kama mita 61. Mita 40 na ushei zimeondoka kila upande. Tuseme katikati pana kisima na wanawake wamepanga foleni. Upande mmoja, mita 50 kutoka hapo, pana paneli za sola za pampu ambayo haifanyi kazi. Upande wa pili pana shule. Picha ya wima itakuonyesha foleni tu. Utasema, watu hawa hawana maji. Picha nzima ingekuambia kwamba pampu ipo na imeharibika, na kwamba watoto walio foleni wangekuwa darasani. Ya kwanza inakufanya uhurumie. Ya pili inakufanya uulize ni nani mwenye jukumu la kutengeneza pampu.

Wapo watakaosema mpigapicha angeshuka chini akachagua vizuri zaidi. Haiwi rahisi hivyo. Tangu kanuni za droni za mwaka 2020, chombo lazima kisajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na urefu wa kuruka, ukaribu na watu na ukaribu na viwanja vya ndege vyote vina mipaka. Lodwar ina uwanja wa ndege, Kakuma pia, na kaskazini zaidi kuna mipaka ya nchi ambako hakuna anayependa kuona droni ya mgeni. Kwa hiyo mpigapicha hubaki mbali, anapiga pana, kisha kazi ya kusogea karibu inafanywa ofisini, kwa kukata. Mara nyingi anayekata hajafika Turkana. Ana nafasi ya kujaza kwenye ukurasa, na saa inakwenda.

Tumeshaona matokeo yake, na hata haikuwa droni. Januari 2020, mjini Davos, Uswisi, wasichana watano wanaharakati wa tabianchi walipigwa picha pamoja. Wanne ni wa Ulaya, akiwemo Greta Thunberg. Wa tano ni Vanessa Nakate wa Uganda, aliyesimama pembeni. Shirika la habari la Associated Press liliposambaza picha, Nakate hakuwemo. Maelezo ya kwanza yalikuwa ya kiufundi: nyuma yake palikuwa na jengo lililoharibu mpangilio wa picha. Baadaye shirika lilikiri kosa, mhariri wake mkuu akaomba radhi, na picha nzima ikatolewa. Nakate mwenyewe alisema hawakufuta picha tu, walilifuta bara zima la Afrika. Huenda aliyekata hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo la kutia wasiwasi zaidi. Kukata hakuhitaji nia mbaya. Kunahitaji tu mtu anayeangalia uzuri wa picha na kusahau habari iliyomo.

Turkana inakatwa kwa njia hiyo kila mwaka. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, na mifugo ikafa kwa wingi. Lakini katika miaka hiyohiyo maji ya Ziwa Turkana yalikuwa yamepanda, na wavuvi wa kandokando walikuwa wamehama makazi yaliyomezwa na maji. Kaunti moja ina ukame na mafuriko ya ziwa kwa pamoja. Kwenye picha pana inayoshika nchi kavu na maji, mambo haya mawili yanaonekana kwa mara moja, na msomaji anaanza kuuliza maswali ya maana. Kwenye mraba mdogo inabidi uchague, na wahariri karibu wote huchagua ardhi iliyopasuka kwa sababu ndiyo Turkana ambayo watu wameshaizoea. Kakuma nayo, kambi iliyoanza mwaka 1992 na sasa ni kama mji, huonyeshwa kwa safu za mapaa. Soko lake liko mita chache nje ya ukingo.

Sisi wa Pwani tusijione watazamaji tu. Mafuta ghafi ya kwanza ya Turkana yalipita bandari ya Mombasa Agosti 2019, na mradi wa LAPSSET umepangwa kuiunganisha Turkana na Lamu. Tumefungwa kamba moja nao. Na sisi pia tunakatwa. Angalia picha za angani za bandari ya Lamu: kreni, gati, maji ya samawati. Mikoko iko nje. Mashua za wavuvi ziko nje. Ilhali mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari hiyohiyo. Au angalia picha za Diani na Watamu: mchanga mweupe na hoteli. Kijiji kilicho nyuma ya ukuta wa hoteli, chenye njia ya kwenda pwani iliyozibwa, hukatwa ili picha ipendeze. Macho hayana pazia, lakini picha inalo.

Basi tufanyeje? Hakuna anayetaka kupiga marufuku ukataji. Kila picha ni kipande cha kitu kikubwa, na simu zetu zimesimama wima, tupende tusipende. Lakini yako mambo manne yanayowezekana bila gharama. Kwanza, mpigapicha apige kwa uwiano kamili wa kamera yake na aihifadhi picha nzima, hata kama inayochapishwa ni ya wima. Pili, ajue kabla ya kurusha droni picha inakwenda wapi. Kama ni ya simu, basi na ajipange jambo la muhimu liingie katika upana ule mdogo, ama ageuze kamera isimame wima kwa droni zinazoweza, badala ya kumwachia mhariri wa mbali akate. Tatu, kama kilichoondolewa kinabadilisha maana, maelezo ya chini ya picha yakitaje: pampu iko kushoto, ziwa liko kilomita kadhaa mashariki. Nne, mwenyeji wa mahali aonyeshwe picha kabla haijatoka. Mtu wa Lokitaung ataona mara moja kilichokosekana.

Na wewe ndugu msomaji unayo kazi yako, ni ndogo. Picha ikikujia ya mahali usipopajua, kabla ya kuisambaza jiulize pembeni pana nini. Sisi tunaojua kilicho nyuma ya ukuta wa hoteli hatuna udhuru wa kusahau kuuliza.