MIZANI YA MAHINDI TUNAIJUA, YA MTOTO JE?

Ndugu Wanachama,

Msimu uliopita karani alipokosea kilo mbili kwenye gunia moja, ghalani hapakukalika. Watu walipiga kelele, gunia likapimwa upya, mwenyewe akapata haki yake. Vizuri sana. Sasa tuulizane: ni baba gani kati yetu anayejua mtoto wake ana kilo ngapi? Nani kati yetu ameshawahi kupiga kelele kwa sababu mtoto kapungua kilo mbili?

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini kwetu watoto 3 katika kila 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika mkoa wetu wa Iringa ni zaidi ya nusu, na hakuna mkoa uliotuzidi. Sisi hawa wenye mahindi, maharage, viazi na maziwa! Tunalisha miji, watoto wetu wanadumaa. Hii ni aibu, tena siyo aibu ya mama peke yake.

Wapo wanaosema eti mtoto "kabemendwa", kisha mama ananyoshewa kidole. Huo ni ujinga, tuuite kwa jina lake. Dr. Cicely Williams, daktari wa watoto, alifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1933 aliandika habari za watoto waliovimba miguu na kubabuka ngozi. Chakula chao kilikuwa uji wa mahindi, basi. Wenyeji Waga walikuwa na jina la ugonjwa huo, ndilo sisi tunalotamka kwashakoo: ugonjwa wa mtoto anayeondolewa ziwani mwenzake akizaliwa. Madaktari wengine walimbishia. Yeye aliwasikiliza akina mama, akatazama chakula. Daktari wa watoto aliye mzuri haanzi na sindano. Anauliza kwanza: mtoto amekula nini, mara ngapi, na nani kampa?

Wala mambo haya si mageni kwetu. Katika miaka ya 1980 vijiji vya mkoa huu vilikuwa na mpango wa lishe. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa, halafu kijiji kinakaa na kujadili: huyu kapungua kwa nini? Mara nyingi chakula kilikuwepo nyumbani, ila mtoto alilishwa mara mbili tu kwa siku kwa sababu mama yuko shambani tangu alfajiri. Utapiamlo mkali ulipungua kwa zaidi ya nusu. Hapakuwa na muujiza pale. Palikuwa na mizani na kikao.

Tumbo la mtoto ni dogo. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama tu. Baada ya hapo anaendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi, huku akipewa uji mzito wenye karanga au maziwa, maharage ya kupondwa, mboga, na yai likipatikana. Kuanzia miezi tisa ale mara 3 au 4 kwa siku. Uji mwepesi wa mahindi matupu unajaza tumbo, haujengi mwili.

Mtu atasema, "Hiyo ni kazi ya zahanati." Jamani! Muuguzi anapima na kuandika kadi, jikoni kwako haji. Mwingine atasema hana hela. Mbona ya ulanzi haikosekani? Na kama kuna nyumba ambayo kweli haina, basi ushirika tuliuunda wa nini?

Hivyo basi, katika mkutano mkuu ujao napendekeza:

1. Kila mwanachama anayeleta mahindi ghalani alete na kisado kimoja cha maharage au karanga, iwe akiba ya watoto.
2. Wakati wa kilimo akina mama wapokezane kubaki na kupika uji wa watoto wote, na siku hiyo ihesabiwe kuwa siku ya kazi.
3. Baba aende kliniki na kadi ya mtoto aisome mwenyewe. Mstari wa uzito ukilala au kushuka, asingoje mtoto avimbe.

Anayepinga asimame mkutanoni atueleze, siyo kunong'ona kilabuni.

Gunia likipungua tunagomba. Mtoto akipungua tusinyamaze!

Mwanachama mwenzenu