Hirola Waongezewe Ardhi, ila Mpaka Tuuchore Sisi

Wasee wangu wa Masalani, leo nitawaudhi wengi. Naanza na ile kitu hakuna mtu hapa anataka kusema kwa sauti: eneo la hirola pale Ishaqbini ni dogo, na lazima lipanuliwe. Ndiyo, kwa ardhi yetu. Ndiyo, kwa malisho yetu. Nimalize kwanza, halafu unitukane kwenye komenti.

Wale mko Nairobi na hamjui hirola: ni swala wa rangi ya mchanga, mwenye mstari mweupe unaounganisha macho kama fremu ya miwani. Duniani kote wamebaki chini ya 500. Karibu wote wako huku Garissa, wengine kidogo wako Tsavo Mashariki. Miaka ya 1970 walikuwa maelfu. Ikaja sotoka miaka ya 1980, ukaja ukame, wakaja majangili, na nyasi zikamezwa na vichaka.

Mwaka 2012, hirola 48 waliwekwa ndani ya ua wa kuzuia simba na fisi pale Ishaqbini, kwenye hifadhi ya jamii yetu wenyewe. Baadaye idadi yao ikapita 100. Hiyo ni jasho la watu wa hapa wanaolinda usiku na mchana. Lakini ule ua hauzungushi hata kilomita 30 za mraba. Hesabu ni rahisi: wanyama wameongezeka maradufu, nyasi ni zile zile. Ukija ukame mwingine kama wa 2020 hadi 2023, au ugonjwa mmoja tu, kazi yote imeenda. Na wakizaana wenyewe kwa wenyewe kwa miaka, kizazi kinadhoofika. Mfugaji yeyote anajua hilo, ndiyo maana hubadilisha fahali.

Sasa, abti wangu, kaka ya mama, ana ng'ombe. Nilipomwambia haya aliniangalia kama kijana aliyerudi kutoka chuo bila cheti, na kusema kweli mimi ndiye huyo. Akaniuliza swali moja: "Huo mpaka utachorwa na nani?" Nilikuwa na simu, data na video tatu za hirola. Jibu sikuwa nalo.

Nikaanza kutafuta. Jibu la zamani liko Arawale. Miaka ya 1970 serikali ilitenga kilomita 533 za mraba pale kwa ajili ya hirola. Kwenye ramani mpaka upo mpaka leo. Porini hirola waliendelea kupungua. Mstari wa ofisini haulindi mnyama kama anayeishi pale hakuulizwa.

Halafu kuna 1996. Shirika la Wanyamapori, KWS, lilikuwa linahamisha hirola kwenda Tsavo. Watu wa Garissa hawakuchoma kitu. Walienda Mahakama Kuu kuzuia hirola wasitolewe Arawale, na mahakama ikatoa amri ya kulizuia shirika. Kwa hiyo wewe unayesema wafugaji wanachukia wanyama pori, nieleze: nani hufungua kesi kupigania mnyama anayemchukia?

Na nyinyi wa nyumbani mnaosema "chagueni, watu au wanyama", hapo pia mnatupotosha. Hirola hupenda nyasi fupi, zile zile zinazobaki ng'ombe wakipita. Kichaka kinachomnyima hirola chakula kinamnyima ng'ombe pia. Eneo likipanuliwa, si lazima lote liwe seng'enge. Sehemu kubwa inaweza kuwa malisho yaliyopangwa: vichaka vipunguzwe, nyasi zipumzike, mifugo iingie kwa zamu.

Lakini mpangilio. Januari 2025 mahakama kule Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili zilianzishwa kinyume cha sheria kwenye ardhi ya jamii. Tukikurupuka, sisi ndio tutafuata. Kwa hiyo nadai vitu vitatu.

Moja, hati kwanza. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yake. Isiposajiliwa, kaunti ndiyo inaishikilia kwa niaba yetu. Huwezi kupanua kitu ambacho karatasi yake iko kwa mtu mwingine.

Mbili, malisho ya kiangazi yaandikwe. Wapi ng'ombe wataingia ukame ukizidi, mwezi gani, wangapi, kupitia njia gani. Yaandikwe kwa Kisomali na Kiswahili, siyo ahadi ya mdomo kwenye mkutano wa chai na soda.

Tatu, hesabu za pesa zisomwe hadharani. Mfadhili ametoa ngapi, mishahara ni ngapi, bursari zimeenda kwa nani. Kama ni siri, mradi si wetu.

Na hapa nakugeukia wewe mwenye miaka 18 au 20 unayesema mambo ya ardhi ni ya wazee. Jamii ikishasajiliwa, mkataba wa mwekezaji kwenye ardhi hiyo unahitaji theluthi mbili ya wanachama watu wazima. Mtu mzima ni wewe. Usipokuwa kwenye orodha, utaamuliwa, kisha utakuja TikTok kulia.

Abti hajakubali bado. Alisema tu: "Nionyeshe karatasi, halafu nitatembea na wewe tuweke alama." Mimi nimeridhika na hilo. Nani mwingine yuko tayari kutembea?