Usimponde Kabla Hujamjua

Usiku mmoja nilikuwa katika darasa la kisomo, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kati, Unguja. Taa ilikuwa inawaka na wadudu walikuwa wanaizunguka. Mara mdudu mmoja mweusi, mrefu kama kokwa ya tende, akaanguka chali juu ya daftari la mama mmoja. Akatapatapa kwa miguu. Kisha tukasikia sauti: "Tak!" Mdudu akaruka juu, akaanguka tena chali. "Tak!" Mara hii akasimama kwa miguu yake.

Darasa zima lilicheka. Mama yule hakucheka. Alivua kiatu.

"Niwie radhi, mwalimu. Nataka kumponda."

"Anauma, mama?"

"Sijui."

"Anakula nini?"

"Sijui."

"Sasa kosa lake nini?"

Mama alifikiri kidogo. Akasema, "Kosa lake ni mdudu."

Ndugu msomaji, jawabu hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Wengi wetu tunafikiri kama mama yule. Tukimwona mdudu tunamponda kwanza. Maulizo huja baadaye, au hayaji kabisa. Mimi naona jambo hili linatutia hasara sisi wakulima.

Tumtazame kwanza mdudu wa usiku ule. Yeye ni mbawakawa wa jamii ambayo wataalamu wanaiita Elateridae. Duniani kuna karibu aina 10,000 za jamii hiyo. Miguu yake ni mifupi, kwa hiyo akianguka chali hawezi kugeuka kama wadudu wengine. Lakini chini ya kifua chake ana kijiti kidogo, na mbele ya tumbo kuna kitundu. Mdudu hujikunja, akakaza misuli yake, halafu akakiachia kijiti kiingie kitunduni kwa ghafla. Hapo ndipo tunaposikia "tak", na mwili wote unarushwa juu. Ni kama mtego wa panya unavyofyatuka.

Je, mbawakawa huyu ni rafiki au adui? Jawabu si moja. Watoto wake ni funza wembamba na wagumu kama waya. Funza wa aina nyingine hukaa ardhini na kula mizizi na mbegu za mazao. Hao ni adui. Funza wa aina nyingine hukaa ndani ya magogo yaliyooza na kula funza wenzao wanaokaa humo. Hao wanaweza kuwa rafiki. Huwezi kujua mpaka umtazame. Ukishamponda, umepoteza nafasi ya kujua.

Sasa tuje kwenye minazi, maana nazi ni chakula chetu na fedha yetu. Kila mkulima wa Unguja anamjua chonga, yule mbawakawa mkubwa mwenye pembe. Hutoboa kilele cha mnazi. Makuti yakifunguka utayaona yamekatika kama yaliyokatwa kwa mkasi. Chonga hutaga mayai yake ndani ya minazi iliyokufa na magogo yanayooza. Mtu anayeacha magogo ya minazi yaoze shambani anamlea chonga bila ya kujua.

Lakini chonga naye ana adui wake. Hapa kwetu yuko nyigu mkubwa ambaye wataalamu wanamwita Scolia ruficornis. Nyigu jike hufukua ndani ya takataka zilizooza mpaka amkute funza wa chonga. Humchoma asiweze kwenda, kisha humwekea yai. Mtoto wa nyigu akianguliwa, humla yule funza.

Sikiliza yaliyotokea. Mwaka 1909 chonga wa Asia, ndugu wa chonga wetu, alifika visiwa vya Samoa katika bahari ya Pasifiki. Aliharibu minazi vibaya sana. Katika miaka ya 1940 wataalamu wa Samoa walitafuta nyigu wa kupambana naye. Walimchukua wapi? Walimchukua Zanzibar. Nyigu wetu alisafirishwa kuvuka bahari, akapelekwa Samoa, akakaa huko. Mdudu wetu mwengine, anayewachoma wadudu wenzake na kuwanyonya, alipelekwa India kwa kazi hiyo hiyo. Kweli, nyigu peke yake hakuweza kummaliza chonga wa Samoa. Lakini fikiri: watu wa mbali waliwatafuta wadudu wetu kama dawa. Sisi tunaokaa nao, wangapi tunawajua?

Mfano wa pili ni majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kufanya viota. Wakwezi hawawapendi, na wana haki, kwani majimoto wanauma kweli. Lakini yuko mdudu mwengine anayefyonza vidaka vya mnazi. Vidaka hivyo huanguka kabla ya kukua, na vinavyobaki huwa nazi mbovu. Mtaalamu mmoja Mwingereza, M. J. Way, alikaa Zanzibar akiwachunguza wadudu hawa. Mwaka 1953 alichapisha aliyoyaona. Aligundua kwamba mnazi wenye majimoto wengi huhifadhika na mdudu yule, kwa sababu majimoto humfukuza. Aligundua pia kwamba wako chungu wengine, wadogo, wa ardhini, ambao huwafukuza majimoto. Wakishinda hao, vidaka hukosa ulinzi. Leo mdudu yule mharibifu wa vidaka ana jina la kitaalamu lililotokana na jina la bwana huyo: Pseudotheraptus wayi.

Basi mkulima anayechoma viota vyote vya majimoto anaweza kuwa anamfukuza mlinzi wake mwenyewe.

Wako watakaosema, "Mwalimu, wewe unataka tuwahurumie wadudu wote? Na mbu? Na mbung'o?" La, sisemi hivyo. Wako wadudu wa kupigwa vita. Lakini hata vita vinataka elimu. Mbung'o waliwapa ng'ombe wa Unguja maradhi kwa miaka mingi. Wataalamu walimchunguza mbung'o, wakajua kwamba jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika maisha yake. Kwa hiyo wakafuga mbung'o kule Tanga. Madume wakawafanya wasiweze kuzalisha, kisha wakawamwaga Unguja kwa ndege tangu mwaka 1994. Jike aliyepandwa na dume wa namna hiyo hakupata watoto. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwezi wa Septemba 1996, na mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o tena. Miaka yote kabla ya hapo watu walimponda mbung'o kwa kofi, wala hakwisha. Alikwisha alipojulikana tabia yake.

Neno jingine ninalolisikia ni hili: "Kazi ya kuchunguza wadudu ni ya wasomi." Tazama ilivyokuwa zamani. Mwaka 1862 Mjerumani Otto Kersten alikusanya wadudu katika safari za sehemu zetu. Mwaka 1864 Mmarekani Cooke alikusanya wadudu katika kisiwa hiki hiki. Wadudu wao walifika kwa mtaalamu Gerstaecker, na mwaka 1873 akatoa kitabu kizima kwa Kijerumani juu ya wadudu wa sehemu za Zanzibar. Baadaye Dakta Aders, aliyefanya kazi katika serikali ya Zanzibar, aliandika juu ya wanyama wetu. Paa nunga wa msitu wa Jozani ana jina la kitaalamu lenye jina la dakta huyo tangu mwaka 1918.

Siwalaumu watu hao. Walifanya kazi. Lakini nani aliyewaonesha njia ya msitu? Nani aliyejua mdudu gani hutoka wakati wa masika, na gogo gani la kupasua? Hawezi kukosekana mtu wa kijijini. Mtu huyo alijua mengi, ila hakuandika. Kwa hiyo jina lake halimo kitabuni, na mengi aliyoyajua amekwenda nayo kaburini.

Sisi leo hatuna udhuru huo. Wewe unayesoma makala hii sasa unajua kuandika. Usiitumie kalamu kwa barua na hesabu za duka peke yake. Chukua daftari la zamani lenye kurasa tupu. Ukimwona mdudu shambani, andika mambo matano: tarehe, mahali, mti au mmea aliokuwapo, alilokuwa akilifanya, na wingi wao. Kama humjui jina, eleza alivyo. Usiandike ulilodhani; andika uliloliona. Mkiwa wengi darasani, linganisheni madaftari yenu kila mwezi. Akija bwana shamba, msimwambie tu kwamba "minazi inaumwa". Mfungulieni daftari. Atajua kwamba anazungumza na watu wanaojua shamba lao.

Najua kazi za shamba na za nyumbani ni nyingi. Lakini maandishi haya hayataki zaidi ya dakika tano. Na anayelala na kuamka karibu na mnazi huona mambo ambayo mgeni wa siku mbili hayaoni.

Nirudi kwa mama yule wa darasani. Hakumponda mdudu. Alivaa kiatu chake, akamfunika kwa gilasi, tukamtazama sote. Kisha akachukua kalamu. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mpaka usiku ule alikuwa akinakili maneno ya ubaoni tu. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa:

"Jumatatu. Mdudu mweusi. Kaanguka chali. Karuka mara mbili. Simjui."

Kwangu mimi neno la mwisho lilikuwa bora kuliko yote. Aliyeandika "simjui" ameshaanza kutafuta.