Samaki Mkubwa Hajali Nzi

Wengi wenu mnajua kuvua kwa mshipi na mnyoo. Leo napenda kuwaeleza uvuvi mwingine, ambao ndoana yake haina chambo hata kidogo, ila manyoya matupu.

Samaki mwenyewe ni trauti, naye si mwenyeji wa nchi zetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliwaleta kutoka Scotland wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare, Kenya. Baadaye wakapandikizwa katika mito ya Mlima Kenya, na huku kwetu katika mito ya Kilimanjaro na nyanda za juu za Mbeya. Trauti hutaka maji baridi yaendayo mbio. Maji ya Kilimanjaro yashukayo kwa mto Kikuletwa hutufikia hapa chini ya Lembeni, bwawani Nyumba ya Mungu, lakini yakifika yamekwisha pata joto. Trauti hawezi kuishi humo.

Trauti mdogo hula wadudu, kwa hiyo mvuvi humdanganya kwa ndoana ndogo iliyofungwa manyoya mfano wa nzi. Akisha kuwa mkubwa, nzi mmoja mmoja hamshibishi. Yeye ni kama mwenye duka: hafungi safari kwa faida ya senti moja. Huvizia samaki wadogo, kaa wa mtoni, hata watoto wa trauti wenzake. Basi amtakaye huyo hufunga manyoya marefu na nywele za mnyama juu ya ndoana ndefu, yapata urefu wa kidole. Yakilowa hutikisika kama samaki aogeleaye. Wengine huzungushia waya mzito ili izame, maana mkubwa hukaa chini ya ukingo uliolika, nyuma ya jiwe, au shimoni chini ya maporomoko.

Mvuvi hutupa mshipi kukingama mto, huacha ndoana izame, kisha huvuta kwa mkono wa kushoto: vuta fupi, vuta fupi, halafu hutua kidogo. Samaki mdogo aliyeumia huenda hivyo hivyo, hukurupuka kisha akachoka, na mara nyingi trauti hushika hapo penye kutua. Akitupa mara mbili tatu asiguswe, husogea hatua mbili.

Na akiguswa, asiinue ufito! Hapa ndipo wengi hupoteza. Avute mshipi kwa mkono, moja kwa moja. Samaki akikosa, ndoana bado iko mbele yake, naye huweza kurudi. Ukiinua ufito, imeruka mbali. Saa njema ni alfajiri, magharibi, siku ya mawingu, au mvua ikiisha na maji yakiwa na rangi kidogo.

Mtauliza, sisi wa bwawani yatufaa nini? Kambale wetu naye, akiwa mkubwa, hula samaki wadogo, na huwinda usiku. Ila yeye hutafuta kwa ndevu na harufu kuliko macho, hivyo manyoya matupu hayatoshi: mtilie kipande cha samaki mbichi. Tena kambale na trauti ni sawa katika jambo hili, kwamba hawanenepi pasipo samaki wadogo. Mwenye kukokota kokoro pwani ya bwawa huzoa wadogo wote, halafu hulalamika kuwa wakubwa wamekwisha. Mwaka 2016 mambo yalifika hata uvuvi bwawani ukasimamishwa kwa amri ya serikali. Mimi naona ndoana moja iliyotegwa vema magharibi ni bora kuliko kokoro la namna hiyo, ingawa najua mwenye watoto sita nyumbani hatanikubalia upesi.

Neno moja kwa vijana. Wavuvi wa trauti huingia mtoni hadi magotini, hata kiunoni, kwa kuwa mito ile ya baridi haina mamba. Bwawa letu wanao. Vueni mkiwa nchi kavu, mbali kidogo na ukingo, na usiku asiende mtu peke yake.