Kwenu Kwenu ni Wapi?

Kuna swali ambalo Mkenya huulizwa mara mbili. Mara ya kwanza unajibu unakoishi. Mara ya pili muulizaji anatabasamu kidogo, anapunguza sauti: "La, namaanisha kwenu kwenu." Tumelizoea kwa landilodi, kwenye usaili wa kazi, kwa wakwe watarajiwa. Sasa limefika kando ya uwanja wa mpira, kwenye meza ya kusajili wachezaji wa wikendi. Hapo halina kazi, na ninaandika ili tulifukuze.

Naongea kuhusu mashindano madogo, yale ambayo hayaonyeshwi kwenye runinga. Pita kati ya Kitale na Bungoma mwezi wa Agosti au Desemba, utayakuta kwenye viwanja vya shule za msingi: magoli ya miti, wavu wa kuazima, chaki iliyomwagwa asubuhi hiyo hiyo, mama wa mahindi choma nyuma ya goli, na jamaa mwenye kipaza sauti juu ya pikapu anayetangaza mechi kama yuko Wembley. Timu 8 au 16, dakika 20 kila kipindi, mkitoka sare ni penalti moja kwa moja. Zawadi ni mbuzi, au fahali mfadhili akiwa amejipanga, au seti ya jezi na mipira miwili. Mshahara hakuna. Jumatatu beki wa kati anarudi kuuza mitumba, kipa anarudi kwenye boda, na winga wa kushoto anarudi kazini akichechemea.

Winga huyo ni mimi. Nimezaliwa Likoni, kazi ikanileta Kitale, na huu ni mwaka wa sita. Nilipofika sikujua mtu, na Kiswahili changu kilichekwa sokoni, ati ni cha taarabu. Timu ndiyo iliyonipa mji. Jumanne na Alhamisi jioni tuko mazoezini Mitume, kila mtu na shilingi 50 zake za mpira. Tuko Wabukusu, Wasabaot, Waluo, Wakikuyu, Mturkana, Mnandi anayekaba kama amedaiwa, na Mpwani mmoja wanayemwita "Mombasa". Nilipougua malaria, hao ndio walioniletea uji. Nilipohama nyumba, hao ndio waliobeba kitanda. Watu wengi wa umri wetu wanaishi miji ambayo si ya wazazi wao, na wanajua kupata watu namna hii si rahisi. Kanisani unahitaji dhehebu, kwenye chama unahitaji pesa, kwenye ukoo unahitaji damu. Uwanjani unahitaji njumu na kufika kwa wakati.

Sasa sikiliza kilichotokea. Desemba moja tulialikwa kwenye mashindano ya siku mbili upande wa Bungoma. Tukakodi matatu ya abiria 14, tukajibana 17 (msituambie kanuni za barabara), tukapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, hadi Kanduyi. Jumamosi tulicheza mechi mbili na kushinda zote. Usiku tukalala kwa senge wa kipa wetu, timu nzima kwenye sebule moja. Mama yule alitupikia ugali na ingokho, akatuita "watoto wangu" bila kuomba kitambulisho cha mtu.

Jumapili kabla ya nusu fainali, wapinzani wakapeleka malalamiko mezani. Ndipo ikatolewa sheria ambayo Jumamosi hatukuisikia: kitambulisho cha kila mchezaji lazima kionyeshe kwamba anatoka eneo la timu yake. Wanne tukakatwa. Wa kwanza mimi. Wa pili na wa tatu ni ndugu wawili waliozaliwa Kitale, wakasoma Kitale, ila kadi zao zina lokesheni ya Vihiga kwa sababu huko ndiko baba yao alikotoka. Wa nne alizaliwa Kipsongo, mtaa wa hapo hapo Kitale, lakini kadi yake inasema Turkana. Mzee mmoja wa meza alinishika bega kwa upole: "Kijana, usichukulie vibaya. Unacheza vizuri. Lakini wewe ni mgeni."

Tulifungwa 3-1. Pengine hata tukiwa kamili tungefungwa, mpira ni mpira. Shida yangu si matokeo. Shida yangu ni straika aliyetufunga mabao mawili. Jamaa yuko vizuri sana, sina neno. Lakini anaishi Nairobi, anacheza ligi, alishuka basi usiku wa kuamkia Jumamosi, na baada ya bao la pili niliwasikia wenzake wakimuuliza jina lake. Kadi yake ilikuwa safi. Babu yake alizikwa lokesheni inayofaa. Kwa hiyo huyo ni mwenyeji, na sisi tunaofanya mazoezi pamoja kila wiki ni wageni.

Najua utetezi wa sheria hii, na haujatoka hewani. Mamluki ni kero ya kweli. Timu inachanga mwezi mzima, inafika fainali, inakuta upande wa pili umeingiza wachezaji watano wa ligi waliolipiwa nauli na kutiwa kitu mfukoni. Vijana wa kijijini wanakaa benchi kwenye mashindano yaliyoanzishwa kwa ajili yao. Anayekasirika ana haki. Lakini kama tatizo ni mamluki, zuia mamluki. Kitambulisho hakijui nani amelipwa. Kinajua baba ya mtu alitoka wapi, basi. Ukitumia kadi kumtafuta mamluki utamkamata muuza vipuri kutoka Likoni, na mamluki mwenyewe utampigia makofi akishangilia bao.

Basi kwa nini kadi? Kwa sababu sheria hii haikutoka kwa refa. Ilikuja na pesa. Mengi ya mashindano haya yana mheshimiwa nyuma yake, aliye ofisini au anayetafuta ofisi, na jina lake liko kwenye kombe, kwenye jezi na kwenye kipaza sauti. Sina ugomvi na mtu anayenunua mipira. Ugomvi wangu ni na anachotaka kwa malipo. Fomu tuliyojaza Jumapili ile ilikuwa na nafasi ya jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na kituo cha kupigia kura. Nafasi ya namba ya jezi haikuwepo. Hebu nielezwe kituo cha kupigia kura kina uhusiano gani na kuotea. Ile haikuwa fomu ya mpira. Ilikuwa daftari la kampeni lililovaa njumu, na kwenye daftari hilo mtu asiyepiga kura hapo hana faida, hata awe na mguu wa kushoto mtamu vipi.

Mtu ataniambia, "Bro, ni mpira tu, mbona unakuza mambo?" Nakuza kwa sababu ya mahali tulipo. Neno "mgeni" si utani huku. Mwishoni mwa 1991 na mwaka 1992 watu walifukuzwa makwao Trans Nzoia na Mlima Elgon kwa sababu ya kabila. Kati ya 2006 na 2008 Mlima Elgon uliumizwa tena, safari hii mzozo wa ardhi ukigeuka kuwa vita vya msituni, na katikati yake yakaja machafuko ya uchaguzi wa 2007. Januari 2022, neno "madoadoa" lilipotamkwa kwenye mkutano wa siasa Eldoret, nchi nzima ilishtuka, maana wengi wetu tulijua mara ya mwisho lilifuatwa na nini. Sisemi mzee aliyenishika bega anapanga vita. Nasema anawafundisha vijana wa miaka 19, tena kwa tabasamu, kwamba unaweza kucheza na mtu, kulala naye sebule moja, kula naye sahani moja, na bado kuna karatasi inayosema si mwenzako. Somo hilo likishaingia, mtu mwingine atakuja kulitumia.

Na tukiamua kuhesabu wageni, tuhesabu vizuri. Kitale ni mji wa watu waliokuja. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza walowezi wa Kizungu walipewa mashamba kwenye ardhi ambayo Wasabaot na wengine walikuwa wakilisha mifugo. Mashamba yale yakavuta vibarua kutoka magharibi na kwingineko. Baada ya uhuru zikaja skimu za makazi na wanunuzi wa ardhi. Swali la kwenu kwenu likiulizwa kwa haki, timu nyingi za Kitale hazitafikisha wachezaji 11. Katiba ya 2010 yenyewe, kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote Kenya. Haikusema "isipokuwa siku ya nusu fainali".

Cha ajabu ni kwamba tukishinda hatuulizi. St Anthony's Kitale na Wiyeta Girls zimetwaa ubingwa wa taifa wa shule zikiwa na wanafunzi kutoka kaunti mbalimbali, na Trans Nzoia nzima ikashangilia kama mama mmoja. Mwaka 2020 Michael Olunga alikuwa mfungaji bora wa ligi kuu ya Japani, mabao 28 akiwa na Kashiwa Reysol, na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Mwaka mmoja kabla ya hapo alifunga mabao 8 katika mechi moja. Tuliposti siku nzima. Ndiyo, ligi ile ina kikomo cha wachezaji wa kigeni. Lakini inahesabu wageni wa nchi nyingine, haihesabu kijana aliyehamia mtaa wa pili. Hata FIFA, linapokuja suala la timu ya taifa, humkubali mchezaji aliyechukua uraia mpya bila kuzaliwa huko wala kuwa na mzazi au babu wa huko, mradi awe ameishi nchini humo miaka isiyopungua 5. Mimi nina sita. Yaani Kitale ingekuwa nchi, ningeichezea taifa. Kwa kuwa ni mji tu, siwezi kuichezea Mitume.

Njia nyingine ipo. Kule Ziwani, Nairobi, Koth Biro imechezwa tangu 1978, na wachezaji wa ligi hushuka uwanjani wakati wa likizo pamoja na vijana wa mtaa, mchana kweupe, kila mtu akijua nani ni nani. Wale wamechagua uwazi. Sisi wa mashindano madogo tunaweza kuchagua daftari la mazoezi. Kila timu iandike waliohudhuria kwa wiki nane kabla ya mashindano, na kocha wa timu jirani atie sahihi kila mwezi. Aliyesajiliwa kwenye ligi msimu huo atajwe mapema, na kila timu iruhusiwe wawili tu. Malalamiko yapokelewe kabla ya mechi ya kwanza, si asubuhi ya nusu fainali. Mamluki aliyeshuka basi Ijumaa usiku hana wiki nane. Yule mvulana wa Kipsongo anazo, tena na ziada.

Na tuache kuogopa kukosa mfadhili. Timu 16 zikitoa shilingi 2,000 kila moja, hiyo ni 32,000. Inatosha refa, chaki, maji na mbuzi wa fainali. Fahali hatutapata. Sawa. Mheshimiwa akitaka kuongeza, karibu, alete mipira na akae kwenye kivuli kama watazamaji wengine. Sheria za kusajili ziandikwe na makapteni.

Kwa hiyo nawaambia makapteni, kuanzia wa Kiminini hadi wa Kanduyi: Desemba hii, fomu ikija na nafasi ya kituo cha kupigia kura, irudisheni ikiwa tupu. Timu moja ikikataa itafukuzwa, hilo najua. Timu kumi zikikataa hakuna mashindano, na mheshimiwa hawezi kupigia hotuba nyasi. Mkiitwa mezani mmoja mmoja, msiende. Nendeni wote 16, na daftari lenu la mazoezi mkononi.