La Mgambo Likilia, Liwe na Jambo

Jioni moja baada ya sala ya Alasiri tulikuwa barazani watu watano, kahawa chungu ikizunguka, alipotujia kijana wa mtaani na simu yake mkononi. "Asalaam aleikum, wazee wangu. Hebu tazameni mambo ya Wamarekani." Tukatazama. Palikuwa na mtu shambani kwake, kaziba masikio, kasimama kando ya chombo cha chuma kikubwa kama gari dogo. Akabonyeza swichi. Chombo kikaanza kunguruma chini chini, kisha sauti ikapanda, ikapanda, hata ile simu yenyewe ikawa yatetemeka. Kilikuwa ni king'ora cha zamani, kile cha kuonya watu wakati wa vita na tufani.

Mzee mmoja kati yetu akatikisa kichwa. "Hawa wameshiba," alisema. "Mtu na akili zake anunua kelele?" Tukacheka, na mazungumzo yakageukia mambo mengine. Lakini mimi tangu siku ile nimekuwa nikilifikiri neno hili, na naona mzee wetu alikuwa na haki nusu, na nusu alikosea.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Huko Marekani wako watu ambao starehe yao ni kutafuta ving'ora vikuukuu vilivyoteremshwa kutoka juu ya nguzo na mapaa ya vituo vya zimamoto. Huvinunua kwa mabaraza ya miji au kwa wauza vyuma chakavu, wakavikwangua kutu, wakabadilisha beringi, wakasuka upya nyaya za mota, wakavipaka rangi ile ile ya asili. Ndani ya king'ora mna gurudumu lenye mapanga, mithili ya pangaboi, linalozunguka katika pipa la chuma lenye madirisha. Hewa huvutwa ndani, ikasukumwa nje kwa madirisha hayo. Kwa kuwa madirisha hufunikwa na kufunuliwa mara mamia kwa sekunde moja, hewa hukatwakatwa, na huko kukatwa ndiko kunakozaa sauti. Gurudumu likienda kasi, sauti hupanda, likipoa, hushuka. Mfaransa Charles Cagniard de la Tour ndiye aliyekipa chombo hiki jina lake la Kizungu mwaka 1819.

Mfalme wa ving'ora vyote alitengenezwa na kampuni ya magari ya Chrysler mwaka 1952, siku za hofu ya mabomu ya atomiki. Kiliendeshwa kwa injini ya petroli yenye nguvu za farasi 180, na sauti yake ilifika desibeli 138 kwa umbali wa futi 100. Leo vimesalia vichache, na aliyenacho kimoja kinachofanya kazi huwa kama mwenye jahazi la mwisho bandarini.

Basi hawa ni wendawazimu? Mimi nasema hapana. Chombo kisichotiwa mkono hufa, na fundi wake hufa nacho. Wajerumani waliona, baada ya vita baridi kwisha, kwamba ving'ora havina kazi tena, wakaving'oa vingi. Tarehe 10 Septemba 2020 walipofanya siku ya majaribio ya maonyo nchi nzima, mambo yaliwaharibikia: onyo la simu lilichelewa, na katika miji mingi hapakuwa na king'ora cha kulia. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, mafuriko yaliua watu zaidi ya 180 nchini humo. Baada ya hapo serikali ikatoa fedha vijengwe upya. Ukitaka kujua thamani ya kitu, kitupe kwanza.

Na sisi watu wa pwani tusiwacheke. Tunazo siwa mbili mashuhuri, ile ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, ambazo zilipulizwa kwenye harusi kubwa na siku za kutawazwa watawala. Leo ni vitu vya makumbusho. Wanaozitazama ni wengi; wanaojua kuzipuliza je? Mmarekani yule wa shambani angalau anajua chombo chake kinaliaje.

Lakini hapa ndipo ninapomrudia mzee wangu na kumpa haki yake. Wahenga walisema la mgambo likilia lina jambo. Hawakusema likilia ni starehe ya mtu. Mbiu ilikuwa ikipulizwa, mji ukanyamaza, kwa sababu kila mtu aliamini kwamba haipulizwi bure. Chombo ni cha yule anayekimiliki, lakini imani ile ni ya mji mzima, nayo ni amana.

Tazama mfano ulio karibu nasi. Fundi akija msikitini kutengeneza vipaza sauti, hujaribu kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Hathubutu kujaribu kwa adhana saa tisa ya usiku, hata kama sauti yake ni nzuri kuliko ya mwadhini. Si kwamba adhana ni mbaya. Ni kwamba adhana ina wakati wake, na siku itakapolia ovyo ovyo, watu wataacha kuinuka.

Jambo hili si la nadharia. Mwezi wa Mei 1960, tetemeko kubwa la Chile lilituma mawimbi hadi mji wa Hilo, Hawaii. Ving'ora vililia saa mbili na nusu usiku. Wimbi kubwa lilifika baada ya saa saba. Muda wa kukimbia ulikuwapo tele, na wengi walikisikia king'ora. Lakini hawakuwa na hakika kinawaambia nini: wengine walingoja king'ora cha pili, wengine walishuka ufukweni kutazama. Watu 61 walikufa. Mwaka 2011 katika mji wa Joplin, Missouri, king'ora kilitangulia tufani, lakini watu walikuwa wamekizoea mno. Wengi walingoja uthibitisho mwingine kabla ya kujificha. Walikufa zaidi ya 150. Na tarehe 8 Agosti 2023 moto ulipoteketeza mji wa Lahaina, Hawaii, ving'ora havikulizwa kabisa. Mkuu aliyehusika alieleza kwamba watu wamefundishwa kukimbilia mlimani wasikiapo king'ora, na mlimani ndiko kulikokuwa na moto. Zaidi ya watu 100 walipotea.

Hilo walisikia wasielewe. Joplin walielewa wasiamini. Lahaina hawakusikia kitu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mwenye kufufua king'ora cha kale anafanya kazi njema, nasi tumshukuru. Lakini akijaribu, awaarifu majirani na polisi, achague saa ya mchana inayojulikana, na akilize kwa muda mfupi. Wafaransa hujaribu ving'ora vyao Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, adhuhuri, hata mtoto anajua. Anayekiliza usiku ili kuwachekesha rafiki zake ni mwizi. Anaiba masikio ya jirani zake, na siku ya msiba hatakuwa na uwezo wa kuyarudisha.

Nasi je? Malindi ilipigwa mabomu ya ndege za Waitaliano mwaka 1940, na Desemba 26, 2004 bahari iliyoanzia Sumatra ilifika mpaka kwetu. Siku ile habari zilitutangulia kwa redio, polisi wakawaondoa watu ufukweni, na Kenya nzima tukampoteza mtu mmoja, ilhali jirani zetu Wasomali walizika mamia. Mwenyezi Mungu alitusitiri. Lakini sitara ya jana si ngao ya kesho. Muulize mwanao leo usiku: bahari ikirudi nyuma ghafla, utakimbilia wapi? Akijibu, mshukuru Mola. Asipojibu, basi hata tukiletewa king'ora cha Chrysler tukakitundika juu ya Ngome, kitalia, naye atatoka mlangoni kutazama.