Majibu ya kukariri si Kiingereza

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na katika somo la Kiingereza kasoro hujirudia. Watahiniwa hunakili sentensi za kifungu cha habari badala ya kujibu swali lililoulizwa. Huchanganya nyakati za vitenzi. Wakitakiwa kufupisha habari kwa maneno yao wenyewe, hukwama. Kutoa taarifa kumekuwa desturi. Kuifanyia kazi bado.

Chanzo kinajulikana. Katika mtihani wa darasa la saba, maswali mengi hujibiwa kwa kuchagua herufi, na shule hupimwa kwa ufaulu. Matokeo yake, kitabu huwekwa kando na vipindi hutumika kufanya mitihani ya miaka iliyopita. Mwanafunzi hukariri kwamba penye “yesterday” kitenzi huwa cha wakati uliopita, lakini akiambiwa aandike sentensi mbili kuhusu alichofanya jana, hawezi. Huyo amefundishwa kujibu, hakufundishwa kusoma.

Gharama yake ni kubwa zaidi vijijini. Mtoto wa Ivuna, wilayani Momba, hukua na lugha ya nyumbani, kisha Kiswahili. Kiingereza hukikuta darasani tu. Akiingia kidato cha kwanza, Biolojia, Jiografia na Hisabati zote hufundishwa kwa lugha hiyo. Asiyeweza kusoma aya moja akaielewa ameshindwa karibu masomo yote kabla hajaanza, na kumwita mzembe ni kumwonea.

Ivuna hiyohiyo inaonyesha uzito wa pengo hili: Desemba 16, 1938, kimondo kiliangukia hapo. Leo wanasayansi wana kundi la vimondo adimu waliloliita CI, na herufi I imetokana na jina la Ivuna. Karibu yote yaliyoandikwa kukihusu yako katika Kiingereza. Mhitimu wa kidato cha nne aliyezaliwa hapo akishindwa kusoma ukurasa mmoja wa habari hizo na kueleza alichoelewa, cheti chake hakijathibitisha chochote kuhusu somo la Kiingereza.

Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeleta Kiingereza hadi darasa la kwanza, badala ya la tatu. Ni hatua, lakini haitoshi. Mwalimu asiyejiamini katika lugha hiyo, akiwa mbele ya darasa lenye vitabu vichache, atatumia miaka ya nyongeza kukaririsha zaidi.

Baraza la Mitihani liongeze maswali yanayomlazimu mtahiniwa kuandika sentensi zake. Wizara ya Elimu ieleze hadharani hatua iliyochukuliwa kwa kila kasoro iliyoripotiwa mwaka uliotangulia. TAMISEMI na halmashauri, ya Momba ikiwamo, zihakikishe vitabu vya kusoma vinafika shuleni na walimu wa Kiingereza wanapata mafunzo kazini. Wadhibiti ubora wa shule wafungue madaftari: kama hakuna insha iliyoandikwa na kusahihishwa, mkuu wa shule atoe maelezo. Wazazi nao wadai kuliona daftari hilo, wasiridhike na alama za majaribio.

Uchambuzi ujao ukirudia kasoro hizi hizi, wa kuulizwa si mtahiniwa. Ni viongozi walioisoma taarifa, wakaifunga, wakasubiri nyingine.